Nyuzi Zinazopigana

Baba alinipigia simu siku ya Jumatatu, nikiwa kwenye kibanda changu cha kutengeneza magita na spika pale mtaani Manyatta, akaniambia udi wake wa muziki umeharibika na aliyeuharibu ni mimi. Hakusema kwa ukali. Kwenye simu Baba alikuwa mpole kuliko mkiwa ana kwa ana, jambo ambalo wakati huo sikulitilia maanani.

"Mama," akasema, kwa sababu nimerithi jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "hizi nyuzi uliniwekea zinapigana. Kuja uangalie. Jumamosi siwezi cheza na kitu kama hii."

Jumamosi ilikuwa ukumbusho wa mama yangu, mwaka mmoja tangu tumzike. Siku ya mazishi Baba alisimama kando ya kaburi na udi mkononi, vidole vikamkatalia, akarudi kuketi bila kupiga chochote. Kabla ya watu kuondoka aliwaambia kwamba mwaka ukiisha atampigia mkewe wimbo wake, ule aliokuwa akimpigia jikoni wakati mama anageuza samaki kwenye kikaango. Watu wa kwetu ziwani hawasahau neno lililosemwa kaburini. Mwaka mzima walikuwa wakimuuliza njiani, na mwaka mzima alikuwa akijibu kwamba yuko tayari.

Nami nilitaka apige kuliko hao wote. Tangu mama aondoke, Baba alikuwa amenywea. Kanisani alikaa nyuma, wageni aliwakimbia, na mimi mwanawe nikimtembelea alinijibu kwa mkato kana kwamba nimemkatiza usingizi. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba wimbo ule ukitoka, naye atatoka.

Sasa, udi wenyewe. Baba aliununua Mombasa enzi zake za kupakua mizigo bandarini, akarudi nao nyumbani, na ufukweni kote kwetu hakuna mwingine. Pale Otonglo, sokoni, wenzake wanauita gita ya mimba kwa sababu ya tumbo lake. Una nyuzi kumi na moja: jozi tano, na mmoja mnene unaokaa peke yake. Kila jozi ni nyuzi mbili zinazopigwa kwa pamoja na zinapaswa kutoa sauti moja. Zikiachana hata kidogo tu, sauti inatetemeka, na mwenye sikio hawezi kuvumilia. Uzi mmoja ukikataa utaunyoosha. Jozi ikikataa, huna budi kutafuta ni nani kati ya wawili mwenye makosa, na mara nyingi wote wawili wanayo.

Nilifika Jumanne asubuhi nikiwa na mfuko wa vifaa na hasira kidogo. Mimi si mtu wa subira. Mteja akiniletea gita na kuniambia tu halilii vizuri, namrudishia. Na nyuzi zile nilikuwa nimezifunga mwenyewe majuma mawili nyuma, nikazisawazisha, nikaondoka zikiwa safi.

Kosa la kwanza nililigundua mara tu nilipoushika. Katika jozi mbili, uzi mmoja haukuwa wangu. Baba alikuwa ameutoa na kuweka wa kwake, uzi wa nailoni wa kuvulia kama wangu, lakini si mpya. Ulikuwa umekwisha kufanya kazi ziwani, umefunguliwa kwenye ndoano za binamu yake. Hapa kwetu kuna imani hiyo, hata wapiga nyatiti, ala yetu ya nyuzi, wanayo: uzi uliovutwa na mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, hauvutiki tena, kwa hiyo ukiufunga kwenye ala utakaa imara. Ni kweli hautalegea. Ila mbuta havuti uzi sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mahali pengine unakuwa mwembamba, pengine mnene, na ukiweka kidole katikati ya shingo, uzi huo unakwenda njia yake na mwenzake njia yake.

"Baba, hii ni uzi ya samaki," nikamwambia.

"Hiyo yako ndiyo ilianza kupigana. Mimi nilikuwa natafuta dawa."

Nilikwenda dukani kwa wavuvi nikanunua roli mpya. Nikakata nyuzi za kila jozi kutoka roli moja, moja ikifuatana na nyingine, nikazifunga zikielekea upande mmoja. Nikazivuta, nikaziacha zipumzike, nikazivuta tena. Nikajaribu zikiwa wazi, nikajaribu kwa kidole katikati, nikajaribu juu karibu na tumbo. Zilikwenda pamoja kila mahali. Nikamwita Baba.

Yeye husikiliza akiwa amefumba macho, ameupa udi mgongo na kuelekea ziwani. Nikapiga jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Bado zinapigana," akasema.

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Nikaanza kushuku vigingi. Ilikuwa imenyesha juma zima, na mti unaofyonza unyevu wa ziwa hukwama au huteleza, haujui kukaa katikati. Nikatoa vigingi vyote, nikavipaka chaki na sabuni kavu, nikavirudisha. Vikakaza. Bado zinapigana. Nikahamia kwenye kile kipande cha mfupa kilichoko mwisho wa shingo, chenye mifereji ya kupitishia nyuzi, maana uzi mmoja ukizama kuliko mwenzake hauwezi kufuatana naye. Kweli mfereji mmoja ulikuwa umelika. Nikachonga mfupa mwingine kutoka goti la ng'ombe, nikausugua kwa msasa mpaka vidole vikauma. Bado zinapigana. Nikatoa simu yangu yenye programu ya kupimia sauti, nikamwonyesha mshale umesimama wima katikati, uzi baada ya uzi.

"Hiyo simu imecheza muziki miaka ngapi?" akaniuliza.

Nilitoka nje nikaenda kukaa kwenye pipa la maji nyuma ya jiko, la sivyo ningesema neno ambalo mtoto hamwambii baba yake. Nikiwa pale simu ikalia. Ilikuwa ni Baba, akinipigia kutoka sebuleni, mwendo wa kurusha jiwe tu.

"Mama, umekunywa chai?"

"Baba, niko hapa nje!" nikapiga kelele, nikakata simu.

Akatokea mlangoni. Ile sauti ya upole ilikuwa imemtoka, uso umekunjamana. "Chai iko," akasema, akarudi ndani. Nikajiambia ni uzee tu, amepata simu anataka kuichezea.

Alhamisi akaja Anti, mdogo wake mama, kusimamia mambo ya mahema na chakula. Anti ni mtu wa kazi, akifika nyumbani hata kuku wanaanza kutembea haraka. Alitusikiliza kidogo, mimi napiga, Baba anakataa, halafu akanivuta kando ya banda la ng'ombe.

"Hiyo gita haina shida," akasema. "Mimi siimbi kwaya lakini nasikia. Shida ni mzee."

"Anti, usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu nyinyi hamtasema. Kichwa yake imeanza kuenda. Juzijuzi nilimwambia pole, akaniuliza nani mwingine amesema pole. Tulikuwa wawili tu, kwa nyumba! Vijana wa kanisa wako na kibodi. Wacha wapige wao, tusiaibike."

Nilimwambia kibodi haitaingia katika boma lile, na nilimwambia kwa sauti ambayo baadaye nilimwomba radhi. Lakini maneno yake yalinikaa. Nilikuwa nimeshika udi ule siku tatu nikitafuta kosa, na sasa nikajikuta naomba kosa liwepo. Nikaupekua kama mtu aliyepoteza pesa nyumbani. Nikagongagonga tumbo nikisikiliza kama kuna ubavu uliobanduka. Nikatazama kibao kinachofungiwa nyuzi, nikafungua mafundo yote nikayafunga upya. Hakukuwa na kitu. Lilikuwepo jambo moja tu la ajabu, nalo lilinipoteza zaidi: ule uzi mnene unaokaa peke yake Baba hakuwahi kuulalamikia. Kila nikiupiga aliitikia kwa kichwa, sawa. Kwa hiyo, nikawaza, kichwa chake kizima. Anayekaa peke yake yuko sawa, wanaokaa wawili wawili ndio wanaogombana. Shida ni jozi.

Ijumaa alasiri mahema yalikuwa yanapigwa, vigingi vinagongwa uwanjani, sufuria zinashushwa. Baba alikuwa kwenye kiti chake barazani, macho yamefumba. Alikuwa ametangaza kwamba nyuzi zisipopatana kufikia jioni, kesho atajifungia chumbani, na kibodi ije ama isije ni shauri letu. Anti alipita akanitupia jicho la nilikwambia.

Hapo nilipandwa na mori. Nilimwambia Baba asubiri nisawazishe mara ya mwisho. Lakini sikusawazisha. Nilikaa nyuma yake, nikalegeza uzi mmoja katika kila jozi, nikautoa kabisa kwenye kigingi chake. Udi ukabaki na nyuzi moja moja. Nilitaka kumnasa. Akisema zinapigana, nitamzungushia udi mbele ya macho nimwonyeshe kwamba haiwezekani, hakuna wa kupigana naye, na ubishi wake utakwisha mbele ya watu wa mahema na Anti wote.

Nikapiga ule wa pili kutoka chini.

"Bado zinapigana," akasema Baba.

"Zipi, Baba?"

"Hizo mbili. Moja iko juu kidogo."

Nilikuwa nimemnasa. Nikapiga uzi mwingine, mmoja, na nikamwona akikunja uso vilevile. Nikapiga ule mnene. "Hiyo iko sawa." Nikarudi kwenye mwembamba. "Zinapigana." Anti alikuwa amesema kweli, nikawaza, na kesho kila mtu atakuja kuona. Nilimwogopa baba yangu, kwa mara ya kwanza maishani. Nikaendelea kupiga uzi ule ule kwa sababu sikujua la kufanya nikiacha.

Baba alichoka. Akaweka kiwiko kwenye mkono wa kiti, akashika tama, kiganja kikafunika sikio la kushoto.

"Hapo," akasema.

Nikasimamisha mkono.

"Hapo sasa! Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

Akainua kichwa, kiganja kikaondoka. "Piga tena." Nikapiga. "Aa, umeharibu tena. Wewe unanichezea."

Niliinuka, nikazunguka kiti, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwekea udi mapajani. Kwa mkono mmoja nikamziba sikio la kushoto, kama alivyokuwa akitufanyia tukiwa wadogo tukiogopa radi, na kwa mkono mwingine nikapiga uzi. Akafungua macho. Nikaondoa kiganja nikapiga, nikarudisha nikapiga. Mara ya tatu akaishika mikono yangu yote miwili ikatulia. Alikuwa anatazama udi.

"Mama. Nyuzi zingine ziko wapi?"

"Nimezitoa, Baba."

"Saa ngapi?"

"Kabla useme zinapigana."

Uwanjani mtu aligonga kigingi, akacheka na mwenzake. Baba alitazama zile nafasi tupu shingoni mwa udi kwa muda mrefu. Niliona anapiga hesabu, na niliona ilipomfikia.

"Basi si nyuzi," akasema.

"Si nyuzi."

"Mimi nilikuwa naomba iwe nyuzi. Nyuzi zinatengenezwa, donge, si ndiyo?"

Kisha akanieleza, polepole, akiwa bado ameshika mikono yangu. Ilianza baada ya homa iliyomlaza tulipomaliza matanga. Mtu akiongea, nyuma yake kuna mwingine anasema maneno yale yale, karibu naye sana lakini si yeye, sauti imepanda kidogo kama anayemwiga. Wanawake zaidi. Watoto zaidi. Wanaume wenye sauti nzito hawakumsumbua. Kanisani ilikuwa vurugu, ndiyo maana alikaa nyuma. Alidhani ni kichwa. Alidhani pengine ni huzuni, na huzuni atamweleza nani. Kwa hiyo alinyamaza akangoja ipite.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe ndio mbaya zaidi. Uko na sauti ya mama yako. Ukikuja hapa ukiongea, naona kama kuna mtu anakucheka mbele yangu. Nakasirika. Si wewe nakasirikia."

"Na kwa simu?"

Akagusa sikio lake la kulia, lile analowekea simu. "Kwa simu uko mmoja."

Nililia, sitaficha. Nililia nikiwa nimepiga magoti na watu wa mahema wakitazama. Nilikumbuka simu zote nilizomkatia nikiwa uwanjani mwake, nikimpigia kelele kwamba niko hapa nje, mzee huyu ana nini.

Baadaye nilimpeleka kwa daktari wa masikio mjini, na yeye hakushangaa hata kidogo. Alisema masikio mawili yakiharibika kwa mwendo tofauti, sauti moja yaweza kufika kama mbili, hasa zile nyembamba. Yaliyorekebishika yalirekebishwa, mengine hayakurekebishika. Lakini hayo yalikuwa bado. Ijumaa ile tulikuwa na pamba tu.

"Weka moja moja hivyo hivyo," nilimwambia. "Hakuna atakayejua."

"Hapana. Rudisha zote. Yeye alipenda zikiwa mbili."

Nikazirudisha. Alijaza pamba kwenye sikio la kushoto, akainamisha kichwa, akasawazisha mwenyewe. Sikumsaidia. Alikaza kigingi akapitiliza sauti, akarudi, akapitiliza tena. Jozi ya tatu ilimchukua muda mrefu hivi kwamba nilianza kusali. Kisha nikasikia ule mtetemo ukipungua, ukipungua, ukazima, na nyuzi mbili zikawa moja. Akapiga tena kuhakikisha. Akanitazama.

"Ulikuwa umetengeneza vizuri," akasema. "Tangu siku ya kwanza."

Jumamosi alisimama kando ya kaburi na pamba sikioni. Watoto wa mbele walimnyooshea kidole, na Anti akawapiga jicho moja tu wakatulia. Nilikuwa nimemweleza asubuhi, na alikuwa ametuma kibodi irudishwe kanisani kabla hata sijamaliza. Baba aliweka ukanda wake wa plastiki wa kupigia, aliokata kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia, juu ya nyuzi. Hakupiga. Nilihesabu pumzi zake. Kidole kiliinuka kikashuka, na nikafikiri ndiyo hivyo tena, kama mwaka jana, na safari hii hakutakuwa na ahadi nyingine.

Akapiga. Alianza polepole mno, akakosea mahali pamoja, akaurudia mahali hapo bila aibu, na kutoka hapo wimbo ukajua njia. Ulikuwa wimbo wa jikoni, mfupi, hauna makuu. Wanawake waliomjua mama wakaanza kuufuatisha kwa midomo iliyofungwa. Walipoongezeka, Baba aliacha kupiga kidogo, akatoa pamba sikioni, akaitia mfukoni. Nikasimama kumzuia. Akanitikisia kichwa, niache, akaendelea.

Watu walipokwisha kula na kutawanyika, nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa kwenye pipa la maji, miguu imevimba. Simu ikalia. Kupitia dirishani nilimwona amekaa sebuleni, udi uko kitini kando yake.

"Baba," nikaitikia kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mbali.

"Mama. Umekula?"

"Nimekula. Kwa nini ulitoa pamba?"

"Nilitaka kusikia watu. Wakawa wengi sana." Alicheka kidogo. "Ulisikia nyuzi, lakini? Mimi sikuwa na hakika tena."

"Nilisikia."

"Zilikuwa moja?"

"Zilikuwa moja, Baba."

Nikamwona kupitia dirishani akibadilisha mkono na kuikandamiza simu kwenye sikio lake la kulia.

"Basi usikate," akasema. "Ongea. Niambie chochote."

Nikamwambia habari za Manyatta, za wateja na spika zao, za jirani yangu na mbuzi wake anayekula nyaya. Tukaongea hivyo, yeye ndani, mimi nje, mpaka simu yangu ikaisha chaji.